Vishimo Arobaini na Kimoja

Fedha zimefika Tabora.
Si za kujenga, si za kusafisha,
ni za kuuliza.
Milioni themanini na sita kutoka Dodoma
kuuliza udongo wa Yadi ya Mataruma
umekula nini tangu enzi ya mkoloni
na umekificha wapi.

Kwenye mkutano wa mtaa Kapela alinyoosha mkono:
"Soko linaanza lini?"
Ofisa akasema, kwanza tathmini.
"Na baada ya tathmini?"
Akasema, ripoti.
Tukacheka, tuliokwisha kupimiana vibanda kwa macho,
na yule aliyepokea kishika uchumba cha fremu ya duka
akainama kukagua viatu vyake.

Mimi nimepata kibarua cha kuchimba.
Elfu kumi na tano kwa siku, buti za kuazima,
glavu za kufika viwikoni, kama za mkunga.
Injinia Tupokigwe anahesabu hatua,
anachomeka kijiti chenye utepe mwekundu,
nami nazungusha keekee mpaka mabega yalie.
Nusu mita. Mita. Mita na nusu.
Mchanga mweupe, mchanga wa kijivu,
kisha weusi unaong'aa
kama asali iliyobaki chini ya pipa,
na harufu.

Harufu hiyo naijua.
Ilikuwa ikiingia kwetu saa kumi na moja jioni,
ikatundikwa msumarini pamoja na koti la baba.
Mihambo, mchovyaji.
Alichovya magogo ya mninga katika birika la moto
ili treni ipite juu yake miaka arobaini,
na kilichokuwa birikani kiliitwa dawa.
Dawa!
Mikono ikamenyeka kama kiazi cha kuchemsha,
mama akaipaka samli, akaifunga kwa kanga iliyochakaa,
asubuhi king'ora kikamwita.
Kifua kilipoanza kupiga filimbi usiku,
kama behewa la Mpanda lililochelewa,
hakuna aliyekuja kuchomeka utepe mwekundu
kandokando ya mbavu zake.

Sampuli zinaingia chupani, chupa kwenye boksi la barafu,
boksi litapanda ndege kwenda Dar es Salaam.
Baba alikwenda Kitete kwenye keria ya baiskeli,
ameshikiliwa nyuma na mjomba.
Sisemi kwa wivu.
Au labda nasema kwa wivu.

Yadi ilipofungwa tulibeba mataruma yaliyobaki,
mtaa mzima, mchana kweupe.
Tukayafanya miimo, vizingiti, mabenchi ya pombe,
wengine wakachemshia maharage.
Tukasifiana: mbao ya reli hailiwi na mchwa!
Mwaka wa kumi haujaguswa, wa ishirini haujaguswa,
tukahesabu ni baraka.
Mchwa walijua kabla ya serikali.

Siku ya mwisho, kishimo cha arobaini na kimoja,
nilimpa injinia kibanzi cha mwimo wa mlango wangu
ndani ya mfuko wa chumvi.
Akakinusa. Akanyamaza
kuliko alivyonyamaza kwenye vishimo vyote.
"Nyanzala," akasema, "bajeti inaishia kwenye seng'enge."
Nyumba yangu iko hatua tisa nje ya seng'enge.
Nilizihesabu kwa mwendo wake, si kwa wangu.
Lakini hakukitupa.
Alikitia mfuko wa shati, nyuma ya kalamu.

Jioni mjukuu wangu Shija ameegemea mwimo
akisubiri ugali, anaukwaruza kwa ukucha, analamba kidole.
Nikamwambia toka hapo.
"Kwa nini, bibi?"
Sikuwa na ripoti ya kumjibu.
Nikawasha tochi.
Ukutani mchwa wamejenga njia yao ya udongo,
imepanda kutoka sakafuni, imenyooka,
imefika kwenye mbao,
ikapinda.